Program Manager, Calmira, Norton Desktop au GeoWorks: uiwekee nini 486 yako?

Mpwa wangu ana miaka 13, na kompyuta zote alizowahi kushika ni changa kuliko yeye. Jioni moja aliketi mbele ya 486 yangu, kompyuta ya miaka ya 1990 yenye Windows 3.1, akafungua Write, programu yake ya kuandikia, akaandika mistari miwili, kisha akabofya kile kimshale cha kushuka kilicho juu pembeni ili aiweke kando kidogo. Write ikatoweka.

"Mjomba, imejifunga."

Akaifungua upya, akaandika, akaiweka kando. Ikatoweka tena. Mara ya tatu nilichukua kipanya mwenyewe, nikalipunguza dirisha la Program Manager, lile lenye ikoni za kufungulia programu, lililokuwa limejaa skrini nzima. Chini kabisa, kwenye ukingo wa skrini, zilikuwa zimejipanga ikoni tatu ndogo za Write, kila moja na mistari yake ndani. Hakuna iliyofungwa. Zilikuwa zimefunikwa.

Kasoro ambayo Microsoft waliirekebisha mwaka 1995, kijana aliigundua kwa dakika tano. Tangu siku hiyo nimeibadilisha mashine ile sura mara nyingi, wiki mbili hii, wiki tatu ile, nikiitumia kwa kazi za kweli: kuandika barua, kupanga disketi, kuchapa. Ninayoyaeleza hapa ni kwa mwenye kompyuta yenye prosesa ya kizazi cha 386 au 486, iwe ameiokota stoo au ameirithi ofisini, na sasa anajiuliza aiwekee nini.

Anayekaa mlangoni

Ndani ya folda ya WINDOWS kuna faili la maandishi liitwalo SYSTEM.INI. Kwenye sehemu yake ya [boot] kuna mstari usemao shell=progman.exe. Maana yake ni kwamba Windows 3.1 ikishaamka, iiite Program Manager ikae mlangoni. Hiyo ndiyo inayokupokea na kukuonyesha programu zilizopo, na ukiifunga, Windows nzima imefungwa. Programu inayokaa nafasi hiyo nitaiita ganda, kwa sababu ndiyo unayoiona na kuigusa kabla ya kufika kwenye kiini.

Windows yenyewe haichagui nani akae pale. Ukifuta progman.exe ukaandika jina la programu nyingine, itaiita hiyo. Kwa ajili hiyo, baada ya Windows 3.0 kutoka mwaka 1990 na 3.1 mwaka 1992, kampuni na watu binafsi walishindana kutengeneza maganda yao.

Pima mifuko miwili kwanza

Wengi wakipata mashine ya zamani huuliza RAM, na wakishajibiwa huona wamemaliza. Kwenye Windows 3.1 hilo ni nusu ya swali.

Mfuko wa kwanza ni RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, huo tunaujua. Mfuko wa pili ni ule unaoitwa rasilimali za mfumo: vyumba vidogo vya kumbukumbu ambamo Windows huandika habari za kila dirisha lililo wazi, kila kitufe, kila menyu, kila kalamu na brashi ya kuchorea. Vyumba hivyo, vya USER na GDI, kila kimoja kina kikomo cha KB 64, kikomo kilichotokana na Windows yenyewe kujengwa kwa biti 16. Ukiitoa mashine MB 4 ukaipandisha hadi MB 32, vyumba hivyo havipanuki hata kwa unywele. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na RAM tele halafu Windows ikamwambia kumbukumbu imekwisha. Amechanganyikiwa, anafikiri RAM imeharibika, kumbe mfuko uliokauka ni ule wa pili.

Kuuona ni rahisi. Ukiwa kwenye Program Manager fungua menyu ya Help, chagua About Program Manager, utaona asilimia chini kabisa. Mimi ikikaribia 30 naanza kufunga vitu. Write tatu za mpwa wangu zilikuwa zimekula sehemu yake, na hakuna aliyezitumia.

Kila ganda lenye vitufe vingi, picha nyingi na vidirisha vya ziada linalipiwa kutoka mfuko huu wa pili. Nikikuambia ganda fulani ni zito, mara nyingi namaanisha hapa.

Mashine niliyotumia ni 486DX2 ya MHz 66, RAM MB 8, diski kuu ya MB 420 na skrini ya VGA ya inchi 14. Ukiwa na zaidi ya hapo uko vizuri. Ukiwa na chini ya hapo, soma sehemu ya GeoWorks kwa makini kuliko nyingine zote.

Program Manager: usiitupe kabla hujaigusa vizuri

Ni nyepesi kuliko zote ninazozitaja za Windows, na ipo tayari. Programu zote za wakati ule zinaijua: zinaposakinishwa huzungumza nayo moja kwa moja na kuiomba itengeneze kikundi na ikoni zake. Faida hii huioni mpaka uikose.

Udhaifu wake unajulikana. Vikundi haviingii ndani ya vikundi, kwa hiyo ukiwa na programu 60 unabaki na madirisha yaliyolaliana kama mikeka. Kikundi kimoja hakipokei zaidi ya ikoni 50, na vikundi vyote kwa jumla haviwezi kuzidi 40. Ikoni zenyewe hazina uhusiano na mafaili. Ukifuta ikoni ya mchezo, mchezo umebaki kwenye diski unakula nafasi, na ukifuta mchezo, ikoni inabaki kukudanganya. Kazi ya mafaili imepewa programu nyingine kabisa, File Manager, na mbili hizi hazijuani.

Ila kuna vitu viwili ambavyo watu wanavipita. Kwanza, kwenye menyu ya Options weka alama kwenye Minimize on Use. Kuanzia hapo, ukifungua programu yoyote, Program Manager inajikunja yenyewe, na ikoni zilizowekwa kando zinaonekana chini ya skrini. Tatizo la mpwa wangu lingeisha kwa mbofyo huo mmoja. Pili, panga madirisha ya vikundi unavyopenda, kisha shikilia Shift huku ukichagua Exit Windows kwenye menyu ya File. Mpangilio unahifadhiwa papo hapo na Windows haifungi. Baada ya hapo ondoa alama kwenye Save Settings on Exit, na hakuna mtoto atakayekuvurugia tena. Ongeza kubofya mara mbili kwenye sehemu tupu ya eneokazi, yaani skrini iliyo nyuma ya madirisha, au Ctrl na Esc, upate orodha ya programu zote zilizo wazi.

Mashine ya MB 2 au MB 4 ambayo ni lazima iendeshe Windows, mimi naiacha na Program Manager iliyopangwa hivi. Kuna nyongeza moja naiheshimu kwa mashine ya namna hiyo: Dashboard, iliyoanzia kwa Hewlett-Packard na baadaye ikahamia Starfish. Dashboard haichukui nafasi ya ganda, ni ubao mwembamba unaokaa juu ya skrini kama dashibodi ya gari, wenye saa, vitufe vya kufungulia programu, na kipimo cha rasilimali kinachosogea mbele ya macho yako. Kwa anayejifunza kuuona ule mfuko wa pili, hakuna mwalimu mzuri kuliko sindano ile. Ila kumbuka nayo inakula humohumo inamopima.

Calmira: kwa atakayekaa nayo leo

Windows 95 ilipotoka Agosti 1995 iliandikiwa kuwa inahitaji 386DX na MB 4. Aliyewahi kuiona ikitembea kwenye MB 4 anajua ilivyokuwa ikijikokota. Wenye mashine ndogo wakabaki wakiutazama ule mstari wa chini wenye kitufe cha Start kwenye kompyuta za wenzao.

Li-Hsin Huang aliwatengenezea jibu. Aliandika Calmira kwa Delphi 1, zana ya kuandikia programu ya Borland, akaitoa bure pamoja na msimbo wake, na Erwin Dokter akaiendeleza kwa jina la Calmira II. Inakaa juu ya Windows 3.1 ileile, kwenye RAM ileile, na kukupa kitufe cha Start, mstari wa chini wenye saa na programu zilizo wazi, ikoni za diski kwenye eneokazi, debe la taka, na menyu inayotokea ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya. Kitufe hicho cha kulia, kwenye Windows 3.1 ya kawaida, karibu hakina kazi kabisa. Vikundi ulivyokuwa navyo kwenye Program Manager inavihamishia kwenye menyu ya Start, kwa hiyo huanzi na meza tupu.

Nilimrudisha mpwa wangu kwenye kiti bila kumwambia nimebadilisha nini. Akaenda Start, akafungua Write, akaiweka kando, akaibofya pale chini ikarudi. Hakuuliza swali hata moja. Kwa ganda, hiyo ni shahada.

Lakini elewa kinachobadilika na kisichobadilika. Majina ya mafaili bado ni herufi nane na mkia wa tatu, kwa sababu chini yake ni DOS, mfumo wa amri za maandishi ambao Windows 3.1 hukaa juu yake. Ukiwa ndani ya Write ukaenda File kisha Open, kisanduku kinachofunguka ni kilekile cha mwaka 1992, na Calmira haina mamlaka humo. Programu ikikwama, mashine inakwama nayo kama kawaida ya Windows 3.1. Na ule mfuko wa pili unapungua: asilimia ninayoanza nayo chini ya Calmira ni ndogo kuliko ya Program Manager, na nikifungua madirisha manne matano ya folda inashuka upesi. Kwa MB 8 naishi nayo kwa raha. Kwa MB 4 inafanya kazi, ila diski haitulii, inakwaruza kila unapobadilisha dirisha.

Hasara nyingine niliiona kwa jirani yangu, mzee aliyekuwa karani wa ofisi miaka ya 1990 na aliyejifunzia kompyuta kwenye mashine kama hii.

"Shikamoo, mzee. Karibu uione."

"Marahaba, mwanangu. Hii ndiyo ile yenye Main?"

Akakaa, akatazama skrini, akasogeza kipanya huku na huku. Main, kile kikundi cha Program Manager chenye vifaa vya Windows, haikuwepo pale alipoizoea. Akanigeukia taratibu: "Umenihamishia vyombo vyangu."

Nikaondoa Calmira, nikarudisha Program Manager, na vidole vyake vikakumbuka kila kitu: Main, File Manager, diski A, orodha ya disketi. Alikuwa hajaigusa kwa miaka zaidi ya ishirini. Kwa hiyo kabla hujabadilisha ganda, jiulize nani atakaa hapo. Kijana aliyekulia kwenye mstari wa chini mpe Calmira. Mtu aliyefanya kazi na Windows 3.1 enzi zake, na anayekuja kwa kumbukumbu, mwachie vyombo vyake vilipo.

Norton Desktop: kama unataka enzi yenyewe

Calmira iliangalia Windows 95 ikaiga. Norton Desktop for Windows ilitoka mwaka 1991, miaka minne kabla ya Windows 95, na mambo mengi ambayo watu wanadhani Microsoft waliyabuni tayari yalikuwa humo. Peter Norton alikuwa ameiuza kampuni yake kwa Symantec mwaka 1990, na jina lake likaendelea kubeba programu hizi. Toleo la 2 lilitoka 1992, la 3 mwaka 1993.

Ukiifungua unaona ikoni za diski zimejipanga wima upande mmoja wa skrini. Bofya mara mbili C, unapata dirisha lenye mti wa folda kushoto, mafaili kulia, na ukitaka, kidirisha cha tatu kinachokuonyesha kilichomo ndani ya faili bila kulifungua. Kwa anayepanga mamia ya disketi za zamani asizojua zina nini, kidirisha hicho peke yake kinatosha kuwa sababu ya kuisakinisha. Nimepitia sanduku zima la disketi za barua za ofisini kwa jioni moja, nikisogeza mshale chini na kusoma, mshale chini na kusoma.

Kwenye eneokazi kuna vifaa vinavyopokea unachokiburuta. Ukiburuta barua ukaiachia juu ya ikoni ya printa, programu iliyoiandika inafunguka, inachapa. Ukiiachia juu ya SmartErase inafutwa kwa namna ambayo unaweza kuirudisha. Ukiiachia juu ya Shredder inaandikwa juu yake ili isirudishike tena, kwa hiyo usizichanganye hizo mbili. Vikundi vinaingia ndani ya vikundi, kwa hiyo lile rundo la mikeka linaisha. Ndani yake pia kuna programu ya kutafuta mafaili, ya kuhifadhi nakala, ya kuandika ikoni zako, ya kupanga kazi zijiendeshe saa fulani, na ya kukusaidia kuandika amri za Windows za mfululizo.

Ubaya wake unatokana na huo wingi. Ni ganda zito kuliko yote ya Windows niliyojaribu, kwa RAM na kwa mfuko wa pili pia. Kwa MB 4 sikushauri. Pia ni mali yenye mwenyewe, tofauti na Calmira ambayo imetolewa bure, kwa hiyo njia ya haki ni kupata seti halisi ya disketi. Disketi hizo zina zaidi ya miaka 30. Seti niliyoinunua kwa muuzaji wa vitu vya mtumba ilikwenda vizuri hadi disketi ya nne, hapo kiendeshi kikaanza kukwaruza, kikarudia, kikarudia, halafu usakinishaji ukasimama katikati, ukaniachia SYSTEM.INI iliyokwisha kuguswa nusu. Funzo nililolipata: kabla ya kusakinisha, nakili kila disketi iwe faili kwenye kompyuta mpya, uhakikishe zote zinasomeka, ndipo uanze.

Central Point nao walikuwa na PC Tools for Windows ya mwaka 1993, yenye wazo zuri la eneokazi zaidi ya moja, hadi Symantec walipoinunua kampuni hiyo mwaka 1994. Ukiipata mkononi ijaribu. Sijaona sababu ya kuihangaikia kama tayari una Norton.

GeoWorks: ganda la mashine iliyokataliwa

Hii haikai kwenye mstari wa shell= kabisa. GeoWorks Ensemble inakaa moja kwa moja juu ya DOS, mahali pa Windows yenyewe. Naiweka humu kwa sababu swali la wengi si "nibadilishe Program Manager kwa nini", ni "nifanye nini ili mashine hii ipendeze na itumike", na kwa mashine dhaifu jibu langu la kwanza ndilo hili.

Walioitengeneza, Berkeley Softworks wa California, ndio waliotoa GEOS ya Commodore 64, kompyuta ya nyumbani, mwaka 1986: madirisha, ikoni na fonti kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ya KB 64. Watu waliozoea kubana namna hiyo walipoigeukia PC mwaka 1990, walitoka na kitu ambacho kinakwenda kwenye XT, PC ya kizazi kilichotangulia 286, ya KB 640 yenye diski kuu. Windows 3.1 kwenye XT haifunguki hata kidogo. Inataka angalau 286.

Na haikubana kwa kukunyima. Fonti zake zinakuzwa na kupunguzwa zikiwa laini, kwenye skrini na kwenye karatasi. Programu zake zinapewa zamu na mfumo wenyewe, kwa nguvu. Windows 3.1 inasubiri programu iachie zamu kwa hiari yake, na isipoachia unakaa unatazama ile saa ya mchanga. Kwenye GeoWorks nimechapa kurasa sita huku nikiendelea kuandika ya saba, kwenye 386SX ya MB 2, na herufi zikifuata vidole vyangu bila kuchelewa.

Kuna jambo dogo lililonigusa zaidi ya yote hayo. Nilipohifadhi barua iliniruhusu kuipa jina refu, hadi herufi 32. Nikaandika "Barua kwa shangazi, Idd". Hiyo ni programu ya mwaka 1990, juu ya DOS isiyojua zaidi ya herufi nane. Ukitoka ukaangalia kwa DIR utakuta jina limekatwa na kuwekewa mkia wa .000, lile refu limefichwa ndani ya faili lenyewe. Ukirudi ndani, barua ya shangazi iko pale, kwa jina lake.

Skrini ya kukaribisha ina milango kulingana na ujuzi: mmoja wa anayeanza, wenye vifaa vichache na vitufe vikubwa, mwingine wa mzoefu wenye kila kitu, na mwingine wa kufungulia programu za DOS. Ndani kuna GeoWrite ya kuandikia, GeoDraw ya kuchorea, daftari la anwani, kalenda, na meneja wa mafaili.

Printa ndiyo sababu nyingine ya kuisifu. Huku kwetu printa za kugonga utepe hazijaisha, utazikuta madukani na maofisini zikitoa risiti na ankara. GeoWorks ikiipata printa ya pini 9 inaipitisha kichwa mara kadhaa juu ya mstari uleule, polepole, na herufi zinatoka zimejaa kiasi kwamba mtu anauliza umechapia wapi.

Kilichoiangusha ni upungufu wa programu. Mwanzoni, aliyetaka kuiandikia programu alihitaji kompyuta ya Sun, mashine ghali ambazo mwandishi wa kawaida wa programu hakuwa nazo, na wakati huohuo Windows ilikuwa inakusanya kila mtu. Kwa hiyo ukiichagua, chagua ukijua kwamba utatumia vilivyomo ndani yake. Excel, Word ya Windows na michezo ya Windows havitakuja. Jambo la kutia moyo ni kwamba msimbo wake umefunguliwa na watu wanauendeleza kwa jina la FreeGEOS.

Zilizobaki, kwa haraka

GEM ya Digital Research ni ya mwaka 1985 na ndiyo nyepesi kuliko zote zenye picha. Apple walilalamika kwamba inafanana mno na Macintosh, na toleo lililofuata la PC likapokonywa debe la taka na uhuru wa madirisha: eneokazi likabaki na madirisha mawili yasiyosogea. Kwa hiyo kupanga mafaili humo kunachosha. Ila programu zake, hasa Ventura Publisher ya kupangia kurasa za magazeti na vitabu, ndizo zilizoibeba. Caldera waliuachia msimbo wake mwaka 1999 chini ya GPL, leseni huria ya programu, na OpenGEM ni njia nyepesi ya kuipata leo. Kama una XT isiyo na nafasi ya GeoWorks, weka hii.

Microsoft Bob ya mwaka 1995, ile nyumba yenye vyumba na mbwa anayekuelekeza, ilitaka 486 na MB 8 ili kukufanyia kazi ambazo Program Manager inazifanya kwa MB 2. Itazame siku moja, uiondoe.

Na kuna Norton Commander, ambayo haina madirisha wala ikoni. Ni paneli mbili za buluu ndani ya DOS, zilizoandikwa na John Socha na kutoka mwaka 1986. Tab inakuhamisha paneli, F5 inanakili, F6 inahamisha, F8 inafuta. Kwa kupanga mafaili hakuna hata moja kati ya nilizozitaja inayoifikia kwa kasi, na yule mzee jirani alipoiona aliacha kipanya kabisa. Kama disketi inakubana, Volkov Commander inafanya karibu yote hayo ikiwa faili moja dogo la .COM. Hii naiweka kwenye kila mashine, bila kujali ganda lililopo juu yake.

Namna ya kujaribu bila kuharibu

Ukiwa na kompyuta mpya kidogo, anza na 86Box. Ni programu inayoigiza mashine nzima ya zamani, kuanzia prosesa hadi kadi ya skrini, na humo unaweza kubadilisha maganda kutwa nzima bila kugusa diski yako yenye umri.

Kwenye mashine yenyewe, nakili kwanza: ukiwa C:\WINDOWS andika COPY SYSTEM.INI SYSTEM.BAK. Halafu usikimbilie mstari wa shell=. Fungua WIN.INI, kwenye sehemu ya [windows] utaona mstari wa run=. Andika hapo njia ya ganda jipya. Litafunguka pamoja na Program Manager, na likikukera unalifunga bila Windows kuzimika. Kaa nalo hivyo wiki moja, ukichungulia asilimia ya rasilimali mara kwa mara ukiwa katikati ya kazi, kwa sababu asilimia ya asubuhi kabla hujafungua kitu haikuambii lolote. Hesabu tu kwamba maganda mawili kwa pamoja yanakula zaidi ya moja.

Ukishaamua kulihamishia kwenye shell=, PROGMAN.EXE usiifute. Programu utakazosakinisha baadaye zitaitafuta ili ziiachie ikoni zao. Usakinishaji ukimalizika na huoni ikoni mpya, fungua PROGMAN kwa mkono, iache wazi, sakinisha tena, kisha ingiza kikundi hicho kipya kwenye ganda lako.

Na ikitokea umekosea njia ya faili, Windows ikakataa kufunguka, hujapoteza kitu. Bado uko kwenye DOS. Nenda C:\WINDOWS, andika COPY SYSTEM.BAK SYSTEM.INI, kubali ifunike ile mbovu, kisha andika WIN.